Mnyama Hatokei Ghafla: Hotuba kwa Waendesha Bodaboda wa Minjingu

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, ndugu mtendaji, wazee wetu, afande uliyefunga safari kuja kukaa nasi, na ninyi wanangu wa kijiwe, hamjambo. Shikamooni wazee. Nawashukuru vijana kwa kuacha abiria asubuhi hii. Najua hesabu ya bosi haisubiri, kwa hiyo sitawazungusha.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, na chanjo za ng'ombe, mbuzi na mbwa wa vijiji hivi nimezipeleka kwa pikipiki, masika na kiangazi. Mwenyekiti aliponiomba nizungumze nanyi kuhusu ajali za wanyama, nilikwenda kwanza kuwasikiliza waliopata ajali hizo. Karibu kila mmoja aliniambia hivi: "Mama, alitokea ghafla." Ng'ombe alitokea ghafla. Mbuzi alitokea ghafla. Punda, mbwa, digidigi, wote ghafla. Hata kuhusu tembo niliambiwa hivyo hivyo.

Wanangu, mimi kazi yangu ni wanyama, na nimekuja kuwaambia kwamba mnyama hatokei ghafla. Ana saa zake. Ana njia zake alizoonyeshwa na mama yake. Ana sababu ya kuwa pale alipo muda ule, na sababu hiyo unaweza kuijua kabla hujamwona. Mimi na wewe ndio tunaofika ghafla mbele yake, tukiwa na kelele, mwanga na kilo mia kadhaa za chuma na watu.

Tuanze na hapa tulipo. Barabara yetu kubwa ya Arusha kwenda Babati imepita kati ya hifadhi mbili: Ziwa Manyara, iliyotangazwa mwaka 1960, na Tarangire, iliyotangazwa mwaka 1970. Katikati yake ndipo ulipo ushoroba, yaani mapito ya wanyamapori, wa Kwakuchinja, na wengi wenu mnaukata kila siku mkiwa na abiria mgongoni. Wanyama walikuwa wanavuka hapa kabla ya lami. Kiangazi, Mto Tarangire ndio unaobaki na maji ya uhakika, kwa hiyo kuanzia Juni hivi wanyama wa eneo lote hukusanyika kule. Mvua zikianza, hutawanyika. Nyumbu na pundamilia wengi huelekea nyanda za Simanjiro, wengine hupanda kaskazini upande wa Ziwa Natron, kwa kuwa majani ya huko yana madini ambayo majike wanaonyonyesha wanayahitaji. Hawa wa kaskazini hawana budi kuikata barabara. Tembo nao huenda na kurudi baina ya hifadhi hizi mbili.

Kwa dereva maana yake ni hii: kuna vipindi viwili vya mwaka ambavyo unatakiwa kuwa macho kuliko vingine. Mvua za kwanza zinapoanguka mwishoni mwa mwaka, na zinapokatika mwezi wa tano na wa sita. Hapo kuna msafara unakwenda au unarudi.

Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitazami. Mvua ikinyesha kidogo tu, maji yote yanayoangukia lami yanatiririka pembeni. Kwa hiyo majani ya kwanza kuchipua katika nchi nzima hii huchipua ukingoni mwa barabara. Halafu kuna yale mashimo waliyoyachimba wakandarasi kuchota kifusi. Mvua ikipita yanageuka mabwawa, na yanabaki na maji wiki nyingi baada ya makorongo kukauka. Majani pembeni, maji pembeni. Ukimkuta mnyama pale umekuta mlaji mezani. Kila mmoja wenu anayajua mashimo hayo yalipo. Punguza mwendo unapoyakaribia, uwe umemwona mnyama au hujamwona.

Sasa mifugo, maana ndio wanaowaangusha wengi zaidi, na kwa mifugo mambo ni wazi zaidi, kwa sababu ratiba yao anaipanga binadamu. Ng'ombe hutoka zizini saa mbili, saa tatu asubuhi, jua likishakausha umande. Mchana hupelekwa majini. Saa kumi na moja jioni mpaka giza linapoingia, wanarudi. Siku ya mnada ratiba yote inavurugika: wanaswagwa barabarani tangu alfajiri, na jioni wale ambao hawakuuzwa wanarudi wamechoka, wana kiu, na wengine wamenunuliwa siku hiyo hiyo, hawajui njia wala hawamjui mchungaji mpya. Ng'ombe mgeni wa aina hiyo ndiye mwepesi kushtuka. Dereva asiyejua leo ni mnada wa wapi amekosa habari muhimu kuliko bei ya petroli.

Niwafundishe jambo ambalo wachungaji wazuri wanalijua bila kwenda chuo. Kwenye bega la ng'ombe kuna mpaka. Ukimkaribia ukiwa nyuma ya bega, anakwenda mbele. Ukimkaribia ukiwa mbele ya bega, anasita, au anageuka arudi alikotoka. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mgongoni kabisa, lakini kukadiria kasi ya kitu kinachomjia hawezi vizuri. Kwa hiyo ng'ombe akiwa anakata barabara kutoka kulia kwenda kushoto, wewe usijaribu kumuwahi kwa mbele. Hapo unakuwa mbele ya bega lake, unamsimamisha katikati ya njia yako, au unamgeuza, na hujui atageukia wapi. Punguza, lenga nyuma ya mkia wake, na mwendo wako wenyewe utamsukuma aendelee mbele. Nyuma ya mkia pana nafasi muda si mrefu.

Lakini kabla hujaingia kwenye nafasi hiyo, tazama kiwele. Ninasema kwa uzito kwa sababu nimeliona kwa macho yangu, hapa hapa, upande wa Vilima Vitatu. Ng'ombe jike mwekundu, kiwele kimejaa, chuchu zimetuna, amevuka barabara ya vumbi taratibu na kusimama upande wa pili. Kijana aliyekuwa na mfuko wa sukari na mama mmoja nyuma akaona njia nyeupe, akaongeza mafuta. Ndama alikuwa nyuma ya kichaka cha mkwaju, ananusanusa. Akainua kichwa, akaona mama yake hayupo, akalia mara moja na kukimbia kwa mstari ulionyooka kama uzi mpaka alipo mama yake. Ndama hatazami kulia wala kushoto. Mama yule abiria aliteguka bega, sukari ikamwagika yote, ndama akavunjika mguu wa mbele na ilibidi achinjwe. Kiwele kilikuwa kimeshasema kila kitu. Jike mwenye maziwa akivuka peke yake, bado kuna mmoja hajavuka. Kwa mbuzi ni vile vile, na kwa punda ni vile vile.

Kwa digidigi pia, ingawa sababu yake ni nyingine: hawa huishi wawili wawili, dume na jike. Mmoja akikatiza mbele yako, usimfuate kwa macho alikokwenda. Tazama alikotoka, maana mwenzake yuko hapo hapo. Ngiri wao hukimbia wakiwa wamepanga mstari, mkia juu, mkubwa mbele na watoto nyuma. Yule uliyemwona kwanza hukumgonga. Utamgonga wa tatu.

Kondoo humfuata aliye mbele yake hata kama aliye mbele anaingia chini ya tairi. Usipite katikati ya kundi la kondoo kwa namna yoyote. Simama, shusha mguu, subiri. Mbuzi ana akili zaidi, lakini watoto wake hawana. Kuku na kanga mnawajua wenyewe.

Punda ninataka nikae naye kidogo.

Punda tofauti na ng'ombe: akiogopa, mara nyingi hakimbii. Anasimama, anakaza miguu, anafikiri. Ndiyo maana honi yako haimsogezi. Rangi yake ni ya kijivu, rangi ya lami yenye vumbi. Na usiku baridi ikiingia, lami bado ina joto la mchana, kwa hiyo punda huja kusimama pale, na wengine hulala kabisa. Jumlisha hayo: mnyama wa rangi ya barabara, juu ya barabara, usiku, asiyesogea. Kijana mmoja wa kijiji jirani, simtaji jina, aligonga punda wa namna hiyo akitoka kumpeleka mgonjwa. Alikuwa anarudi peke yake, amechoka, anawaza kitanda. Leo anatembea kwa gongo. Nilipomuuliza kuhusu mwendo, akaniambia alikuwa anakwenda 60 tu, na kwa dereva wa hapa 60 ni mwendo wa kawaida.

Basi tupige hesabu ya hiyo 60. Ukiwa unakwenda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja inayopita umekwenda karibu mita 17. Macho yaone, akili iamue, mkono ufike kwenye breki: sekunde moja imekwisha, na hujaanza kusimama. Kwenye barabara ya vumbi yenye changarawe, ukitaka kusimama bila kuanguka, unahitaji mita nyingine 35 hivi. Jumla ni zaidi ya mita 50. Sasa kila mmoja ajiulize, taa ya pikipiki yake, ile yenye kioo kilichofubaa, imefungwa kwa waya, inaangaza juu kwenye majani ya miti, inamwonyesha punda wa kijivu akiwa mita ngapi? Nyingi nilizoziona zikifika mita 40 tumshukuru Mungu. Maana yake kwa mwendo ule ukimwona punda umeshamgonga, hata breki zako ziwe mpya, hata uwe fundi wa kuendesha. Shuka mpaka 40 kwa saa: mita 11 za kushtuka, mita 16 za kusimama, chini ya mita 30 kwa jumla. Hapo unabaki na nafasi ya kumkwepa. Tofauti ya muda kutoka hapa hadi Makuyuni kwa mwendo huo haifiki nusu saa.

Na unaposimama kwenye changarawe usikamue breki ya mbele peke yake. Tairi ya mbele ikifunga kwenye kokoto, umelala chini. Tumia zote mbili, pikipiki ikiwa imenyooka, na kama lazima uchague kati ya kumkwepa mnyama kwa kona kali au kumgonga kuku, nisameheni wafugaji wa kuku, lakini mgonge kuku. Nimewaona watu waliovunjika shingo kwa sababu ya kumhurumia jogoo.

Wapo watakaosema, basi mama, tusiendeshe usiku. Siwezi kuwaambia hivyo. Mimi ni mzazi. Najua saa nane za usiku mlango unagongwa, kuna mama mjamzito, uchungu umeanza, na gari la wagonjwa liko mbali. Kijana anayeamka kitandani kumpeleka mama huyo anastahili heshima ya kijiji kizima, na nasema hivyo mbele ya mwenyekiti na afande. Ninachoomba ni namna ya kwenda. Taa irekebishwe mchana: kioo kisafishwe, iinamishwe ionyeshe barabara. Usiku washa taa kali isipokuwa unapopishana na chombo kingine. Tazama macho: macho ya wanyama wengi yana tabaka la nyuma linalorudisha mwanga, ndiyo maana ya mbuzi, ng'ombe na fisi yanawaka. Jozi moja ikiwaka pembeni, hesabu kwamba kuna nyingine hazijageuka kukutazama. Twiga akiwa karibu taa yako inamulika miguu tu, nayo inafanana na magogo. Macho yake yako juu kabisa, nje ya mwanga. Na msindikizaji, kama yupo, akiwa kwenye pikipiki ya pili, abaki nyuma kwa mbali. Mishikaki ya watu wanne usiku, na mmoja wao ana uchungu, hiyo hapana. Pikipiki iliyolemewa nyuma, taa yake inatazama mbinguni.

Mbwa. Hapa naongea kama daktari. Mbwa anakimbiza kinachokimbia, ndivyo alivyo. Anakadiria mwendo wako na kuja kukuvizia mbele. Ukimwona anatoka kwenye boma, punguza kwanza, mapema, mahesabu yake yaharibike; akishafika karibu na kupoteza mwelekeo wake, ongeza mwendo taratibu uondoke. Usimpige teke. Mguu ukitoka kwenye pedali, umepoteza mizani na umempa kitu cha kuuma.

Akikuuma wewe au abiria wako, nendeni mkaoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, tazama saa, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usipake mafuta ya breki, usipake majivu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu yanatokana na mbwa, na mbwa anachanjwa. Mimi nimekaa na familia iliyomwangalia kijana wao akishindwa kumeza maji. Sitaki kuiona tena hali ile katika kata hii. Kwa hiyo mbwa wa kijiweni, wale mnaowatupia mifupa ya mishikaki, nao ni wenu. Waleteni siku ya chanjo.

Wadudu hawamo kwenye taarifa za ajali, lakini wamo kwenye ajali. Mende mmoja wa jioni, wa kidole gumba, akikuingia jichoni ukiwa na 50, umeendesha sekunde mbili au tatu ukiwa kipofu. Kioo cha helmeti si urembo. Mbung'o nao huvutwa na kitu kikubwa kinachosogea, na hupenda rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwenye mapori ya huku vaa rangi ya kaki au hafifu, na usiachie mikono miwili kumpiga mmoja aliyekuuma shingoni. Nyuki wakikuvamia usisimame. Endelea mpaka uwaache, ndipo ukwangue miiba.

Nyoka: kifutu hupenda vumbi lenye joto la jioni, hulala hapo bila kusogea, na umbo lake linafanana na tawi. Kwa hiyo tawi usilolijua usiku lipitie kwa mbali, na usishushe mguu wenye kandambili kulitazama. Mtu akiumwa asichanjwe wembe, asifungwe kamba ya kukata damu, asiwekewe jiwe la kunyonya sumu. Mguu utulizwe usicheze, mtu apelekwe hospitali. Bodaboda aliye karibu ndiye gari la wagonjwa.

Sasa tembo.

Tembo waliozoea kuishi karibu na watu huchagua giza kwa ajili ya kupita. Mchana wanaweza kukaa hifadhini wakala taratibu, jua likizama wanasogea ukingoni, na usiku wanavuka. Mahindi yakikomaa, wanavuka zaidi. Kwa hiyo saa zao na zenu zinakutana hasa saa moja jioni mpaka saa nne, abiria wa mwisho wa basi la Arusha wanapotaka kufika nyumbani.

Wanaacha dalili. Kinyesi kibichi, kikubwa kama kichwa cha mtoto, kinachofuka mvuke asubuhi. Tawi lililovunjwa ambalo majani yake bado hayajanyauka. Na harufu, upepo ukiwa upande wako utaisikia kabla ya kuona. Nilisimama jioni moja Kwakuchinja, zilikuwa zimeshasimama bodaboda nyingine na lori, tukawaangalia wakipita. Jike mzee alitangulia, akasimama katikati ya lami, akanyanyua mkonga na kuuelekeza kwetu, akanusa. Akabaki vile. Nyuma yake wakavuka wengine, miguu haitoi sauti hata kidogo, mnyama mkubwa kiasi kile unasikia tu matumbo yakinguruma. Mtoto mdogo alikuwa anatembea chini ya tumbo la mama yake, mkonga wake umeng'ang'ania mguu. Yule mzee hakuondoka mpaka wa mwisho alipoingia kwenye migunga, ndipo akageuka naye akaenda. Watu walizima hata redio. Hakuna aliyepiga honi, na hakuna aliyeumia.

Ninasimulia hili kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kuwa. Simama mbali, mita 100 au zaidi. Usizime injini. Igeuze pikipiki itazame ulikotoka, kabla mambo hayajaharibika, kwa sababu kugeuza Boxer yenye abiria na gunia la mahindi hakufanyiki tembo akiwa anakuja. Usipite kati ya mkubwa na mtoto, hata pengo liwe pana kiasi gani. Usimulike taa usoni, usipige honi, na abiria asishuke kupiga picha. Akitandaza masikio, akatikisa kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anakuonya, na mnyama anayekuonya amekupa nafasi: itumie, rudi nyuma. Akilaza masikio, akakunja mkonga na kuja kimya, ameshaacha kuonya. Injini ikigoma hapo, acheni pikipiki, kimbieni wote upande wenye miti mikubwa au mawe. Najua mkataba haujaisha, najua bosi atafoka. Pikipiki itanunuliwa nyingine.

Nyati dume mzee anayekaa peke yake anastahili hofu hiyo hiyo, na yeye hatoi onyo. Simba akiwa barabarani, simama mbali na ubaki juu ya pikipiki yako. Usiiache ukakimbia kwa miguu.

Naomba tuzungumze kuhusu eksozi, vijana, na hapa nitawakera. Mnatoboa eksozi ili pikipiki ilie kama mashine ya kusaga. Ng'ombe anaposikia sauti ile inapasuka karibu yake hajui imetoka wapi, anakimbia popote. Layoni, yaani mtoto mchungaji wa Kimaasai, mwenye miaka tisa aliyeachiwa ng'ombe arobaini hawezi kuwarudisha. Pikipiki inayolia kwa sauti yake ya kiwandani mnyama anaisikia ikija kutoka mbali, sauti inapanda polepole, anapata muda wa kusogea. Ile ya kupasua inaishtua barabara nzima. Warudishieni mafundi, wazibe.

Ikitokea umegonga. Mfugo wa mtu ni ada ya shule ya mtu. Usikimbie, tuma ujumbe, ita mwenyekiti, ita mwenye mali, mkae ofisini mmalize. Akiwa ni mnyamapori, usimguse. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa nyara ya serikali hata kama amekufa kwa kugongwa, na paja la swala kwenye buti la pikipiki linaweza kumpeleka kijana gerezani. Tena mimi kama daktari nawaambia, mnyama usiyejua alikuwa na hali gani kabla ya kugongwa anaweza kuwa na kimeta, na kimeta kimeshatuua watu na mifugo katika ukanda huu wa kaskazini. Na mtu akijeruhiwa au kuuawa na mnyama hatari, zipo kanuni za serikali za kifuta jasho na kifuta machozi. Fedha hizo si nyingi kulingana na maumivu, lakini ni haki, na hazipatikani bila taarifa. Toeni taarifa mapema kwa mtendaji na kwa askari wa wanyamapori, msisubiri mazishi yaishe.

Kule Mikumi, ambako barabara ya Morogoro kwenda Iringa imepita ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964, kuna matuta, kuna vibao vya mwendo usiozidi 70, na kuna vibao vya faini kwa kila mnyama anayegongwa. Hapa kwetu barabara nyingi mnazopita hazina hata kibao kimoja. Kwa hiyo nina maombi matatu, na nimeshayazungumza na mwenyekiti.

La kwanza, kundi lenu la WhatsApp la kijiwe, lile la kutafutana abiria. Anayeona tembo, anayeona punda wamelala, anayeona kundi la mnada limechelewa, aandike mahali na saa. Maneno matano yanatosha. Wale wenye simu za kitochi mwenzao awapigie. Namba za askari wa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge ziwekwe humo, na waombwe nao watoe habari wanapoona makundi yanasogea barabarani.

La pili ni la wafugaji na wenye punda walioko hapa. Nimeleta rola za utepe unaong'aa. Kila punda avishwe shingoni, upana wa vidole vitatu, usibane; vidole viwili vipite kati ya utepe na shingo. Kengele kwa ng'ombe anayetangulia, na jioni mtoto mmoja asitembee peke yake nyuma ya kundi, awepo na wa mbele. Mtoto wa mbele apewe kizibao kinachong'aa. Vijana wa bodaboda mnavyo vizibao vya zamani. Vipelekeni bomani kwa watoto hao, hata kikiwa kimechanika.

La tatu ni abiria. Helmeti ya pili iwepo na ivaliwe, ifungwe mkanda kidevuni. Ninyi mmeshika usukani, mnaona mbele, mnajua lini mtafunga breki. Mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni hajui lolote kati ya hayo, anatazama mgongo wako tu.

Chanjo ya mbwa nitaifanya hapa hapa, chini ya mti huu, tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuanzia saa mbili asubuhi. Utepe uko kwenye boksi lile karibu na meza, na mafundi wawili wamekubali kurekebisha taa bila malipo mpaka saa saba mchana. Mwenyekiti, nakurudishia kikao. Kuna kijana pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu, naomba aanze yeye.